Mpangaji Bila Kabati

"Hii kiti ni yangu."

Mama Waringa alisema hivyo akiwa ameikalia, juu ya mkokoteni, katikati ya barabara, miguu inaning'inia kama ya mtoto wa nasari.

Hapo ndipo tulipoachia wiki iliyopita, na nasikia wengine wenu mlikosa usingizi. Poleni. Wale mlioapa kwamba Hemed atatoroka mbio, poleni mara mbili, kwa sababu alibaki pale pale, mikono kwenye mkokoteni.

Alijaribu kucheka. Meno yakatoka, sauti ikabaki ndani.

"Mama, unanitania."

"Naonekana kama mtu wa kutania?"

Haonekani.

Kwa wewe umeingia leo, acha nikuchotee haraka. Hemed ni kijana wa Malindi, anapima na kukata vitambaa kwa duka la Mzee Abdulrauf huko tao, katikati ya jiji, na duka likifungwa analala humo humo juu ya marobota. Ametafuta nyumba mpaka viatu vimeisha. Mtaa wa Muthangari alionyeshwa chumba, kumbe ni banda la mbwa lililopigwa rangi, na kodi yake ungedhani mbwa mwenyewe ni waziri. Mshahara wake unatosha bedsita moja tu, chumba cha kulala na kupikia humo humo, kwa hii Nairobi yote, na hiyo bedsita ni ya Mama Waringa, huku nyuma ya mtaa wa Woodley.

Kodi ya kwanza anayo. Shida si kodi. Shida ni kwamba Mama Waringa hampi mtu ufunguo kabla hajasimama getini akaona vitu vyake vikishuka, kimoja kimoja. "Mpangaji bila kabati," husema, "ni mtu wa kuhama na giza."

Na Hemed hana kabati. Ana godoro jembamba na birika. Na leo, leo hii alasiri, mamake Bi Zainab anakuja kuona nyumba ambayo kijana amemwambia kwa simu ati alishahamia zamani, na imejaa vitu. Akigundua mtoto wake ni jirani wa marobota, atamrudisha Malindi akauze simiti kwa mjomba mpaka azeeke.

Ndio Mbuthia, fundi wa sofa pale Ngong Road, akamwazima sofa moja. Ipite getini, ionekane, ikae ndani siku mbili tatu, kisha irudi ikauzwe. Mpango mtamu. Ukabaki mtamu mpaka huyu mama alipoamua kuipanda sofa aone kama inakaa vizuri.

Sasa tuendelee.

"Unaona hii?" Mama Waringa alisugua mkono wa mbao. Chini ya vanishi mpya palikuwa na alama nyeusi yenye umbo la pasi. "Mzee wangu Jamleck, Mungu amlaze, aliweka pasi ya makaa hapa akakimbia kusikiza mpira kwa redio ya jirani. Nilimnunia mwezi mzima. Fundi anaweza kubadilisha kitambaa. Hii hawezi."

Nanyama, mama mboga wa hapo getini, aliangusha kisu kwenye sukuma.

"Wueh! Kwani huyu ni mwizi?"

Hilo neno, Nairobi, halisemwi mara mbili. Watu wa boda walizima pikipiki. Mmoja akavua helmeti taratibu, vile mtu huvua akiwa na kazi nayo.

"Lakini ngojeni," Nanyama akaongeza, akikuna kichwa. "Mwizi gani anarudishia mwenyewe kitu na mkokoteni, mchana? Huyu ni mwizi ama ni malaika?"

"Malaika hawaibi," alisema yule wa helmeti.

"Ndio nauliza!"

Hemed aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akamwangalia Mbuthia. Na Mbuthia, jamaa mfupi mwenye gundi kwenye kucha, akapanda juu ya gurudumu la mkokoteni aonekane.

"Wazee, tulieni! Hii sofa niliinunua mimi. Kwa pesa yangu. Kuna msichana aliniita kwake Muthangari, akaniambia anataka kuiuza imemjazia nafasi. Msichana mrefu, ana pengo hapa mbele, anacheka kabla hajaongea."

Mama Waringa alifunga macho.

"Wanjugu," akasema.

Wanjugu ni msichana wake. Mmoja tu. Aliachiwa hiyo sofa aihifadhi, kwa sababu baada ya mazishi mamake hakuweza kuipita bila machozi.

Mama Waringa akatoa simu kifuani, akabonyeza, akaweka sauti ya nje. Hata mahindi ya Nanyama yaliacha kuchemka yasikize.

"Haloo, mami!"

"Wanjugu. Uko wapi?"

"Niko kwa nyumba, mami. Nafua."

"Ile kiti ya babako iko?"

Ungemsikia akihesabu ukubwa wa uongo kabla ya kuubeba.

"Si iko tu, mami. Iko hapa sebuleni. Hata saa hii nimeikalia."

"Unafua ukiwa umeikalia?"

"Nimepumzika kidogo. Mgongo."

"Inakaaje?"

"Iko poa sana. Nikiikalia hivi namkumbuka baba mpaka nasikia kulia."

Yule wa helmeti aliziba mdomo na helmeti asicheke. Mama Waringa akainua kidole kimoja.

"Basi sogea kidogo, Wanjugu," akasema, polepole. "Kwa sababu hata mimi nimeikalia."

Jamani.

Barabara nzima iliangua kicheko. Nanyama alishika nguzo ya geti. Watu wa boda waligongana mabega. Hata Hemed, mwenye kesi, alicheka mpaka akakumbuka kwamba bado ana kesi.

Simu ilikatika. Mama Waringa akapiga tena.

"Mami, netiwaki..."

"Utamrudishia huyu fundi pesa yake yote leo. Na Jumapili usikanyage hapa kukula chapati zangu kabla yeye mwenyewe hajaniambia amepata."

"Mami, nilikuwa nimekwama na kodi..."

"Ungeniambia umekwama! Mimi ni mamako ama mimi ni landilodi?"

"Wewe ni zote mbili, mami," Wanjugu akasema, na hilo likamchoma mama kidogo. Akakata simu bila kusema kwaheri.

Kisha akageuka.

"Na wewe."

Hemed akasogea hatua moja mbele.

"Umeniambia hapa getini, ukiniangalia kwa macho, ati ni sofa yako."

Hapo Mbuthia akafanya kitu ambacho mafundi hufanya kwa mapenzi. Alidanganya.

"Nilimuuzia asubuhi, mama. Ni yake. Alilipa."

Na akamkonyeza Hemed. Mlango wa kutokea, huo hapo, uko wazi. Hemed alikuwa anatakiwa kusema "ndiyo" peke yake.

Lakini Mama Waringa hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alishuka kwenye mkokoteni, akakunja mikono, na sauti yake ikawa ndogo.

"Kama ni yako, kijana, niuzie. Sema bei yoyote. Niliitoa kwangu kwa sababu sikuweza kuiangalia. Sasa nimeikalia, naona siwezi kuiacha iende tena."

Hemed akafungua mdomo. "Ndiyo" ilikuwa pale pale kwenye ulimi, imevaa viatu, iko tayari kutoka. Ikakwama.

"Mama," akasema. "Si yangu. Mbuthia ananifichia tu. Niliiazima upate kuona nina vitu. Mimi sina kitu. Hata kijiko nakorogea chai ni cha dukani."

"Aki wewe," Mbuthia alinong'ona, "umeniangusha, buda."

"Kwa hivyo," Mama Waringa alisema, "ulitaka kunidanganya na kiti ya bwanangu."

"Nilitaka kukudanganya na kiti chochote, mama. Bahati mbaya kikawa cha bwanako."

Nanyama akageukia mahindi yake, mabega yakitingika.

Lakini Mama Waringa hakucheka.

"Chukua godoro yako," akasema. "Chukua birika yako. Geti ni hiyo. Na nyinyi watu wa mkokoteni, ingizeni kiti yangu kwa nyumba."

Kwisha.

Hemed alikunja godoro, akalitia kwapani. Saa ya simu yake ilisema alasiri imefika. Mahali fulani kwa hii Nairobi mamake alikuwa amevaa buibui la safari, anamuuliza mtu: Woodley ni wapi? Kijana akaanza kuonja vumbi la simiti mdomoni.

Alikuwa ameshafika kwenye bomba la maji, nje kabisa, aliposikia kelele.

"Inua! Inua upande wako!"

"Nimeinua! Ni mlango!"

Aligeuka. Sofa ya marehemu Jamleck ilikuwa imekwama kwenye mlango wa Mama Waringa kama mfupa kooni. Nusu ndani, nusu nje. Tangu wezi wamtembelee, mama alikuwa ameweka mlango wa vyuma, na fundi wa vyuma hakuwa amewahi kusikia mambo ya sofa. Mbuthia alikuwa amebanwa upande wa ndani, unaona nywele peke yake.

"Irudishe!"

"Hairudi!"

"Mkate miguu yake!" alisema mtu wa boda.

"Nani akatwe miguu?" alilia Mama Waringa. "Mtu akigusa hiyo miguu, nitakata yake!"

Watu sita walitoa ushauri wa aina nane. Nanyama alileta mafuta ya kupikia. Hemed aliweka godoro chini, akasogea, akapima kwa macho. Kumbuka kazi yake. Huyu ni mtu ambaye anakata kitambaa cha pazia bila kuangalia rula.

"Isimamisheni wima," akasema. "Mgongo uangalie kulia. Mbuthia, wewe chuchumaa."

"Nimechuchumaa tangu saa ile!"

"Haya, vuteni. Si ndani. Nje!"

Sofa ikatoka, ikapumua. Mbuthia akatoka nyuma yake, hana kifungo hata kimoja cha shati.

Mama Waringa alikaa kwenye ngazi, uso kwenye viganja. "Haitaingia kwangu. Itanyeshewa hapa nje kama mbuzi."

Hemed akachukua godoro lake tena. Alipiga hatua kama mbili hivi. Akasimama. Shetani wa watu wa Malindi akamfinya.

"Mama," akasema. "Ile bedsita yako. Si ilikuwa gereji?"

"Ilikuwa ya pikapu ya mzee. Kwani?"

"Kama mlango wake ulipitisha pikapu, utashindwa na sofa?"

Mama Waringa aliinua kichwa. Aliangalia bedsita kule mwisho wa uwanja, milango miwili mipana ya mbao, kisha akaangalia sofa, kisha akamwangalia huyu kijana na godoro lake kwapani.

"Ati niiweke kwa nyumba ya kukodisha? Halafu nani atakodi nyumba iko na kiti ya mtu?"

"Mtu ambaye hana chake," Hemed akasema.

"Ambaye alinidanganya."

"Ambaye alikwambia ukweli kabla hujamshika."

"Niko na sheria. Mpangaji lazima awe na vitu."

"Sasa mama, nikiwa na hiyo sofa ndani, si nitakuwa na vitu?"

Nanyama alipiga makofi. "Haki ya Mungu, huyu atakuja kuwa mbunge!"

Na hapo, wasomaji wangu, kona ya mdomo wa Mama Waringa ikapanda. Kidogo. Ikashuka. Ikapanda tena.

"Hutailalia," akasema.

"Sitailalia."

"Hutaikulia pilau."

"Pilau nitakulia chini, kwenye mkeka."

"Na kila jioni, saa ya taarifa ya habari, nitakuja kukaa juu yake. Uwe umeoga ama hujaoga, uko na shida ama hauna, utafungua mlango nikae."

"Sina televisheni, mama."

"Nitakuja na yangu."

Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na ufunguo. Hemed aliupokea kwa mikono miwili, na watu wa boda wakapiga honi kama wako harusi. Hiyo ya harusi iacheni hapo hapo kwanza.

Sofa iliingia gereji bila kugusa ukuta. Ilikaa katikati, ikajaza chumba, ikaonekana ni ya humo humo. Hemed akalaza godoro pembeni, akaweka birika kwenye dirisha. Nyumba. Yake. Nairobi. Alivua viatu mlangoni kama alivyofundishwa, akasimama kwenye simiti baridi, akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Mama Waringa naye alivua slipa zake, akapandisha miguu juu ya sofa, akaweka kiganja juu ya ile alama ya pasi.

"Taarifa ya habari bado, mama," Hemed alisema kwa adabu.

"Leo naanza mapema."

Simu ikalia. Mama mzazi.

"Mwanangu, tuko getini. Kuna bibi hapa wa mboga anacheka tu kila tukimuuliza uko wapi."

"Karibu, mamangu, kari..." Hemed alikwama. "Tuko? Wewe na nani?"

"Utatuona."

Akawaona.

Bi Zainab aliingia kwanza, amebeba kapu la visheti. Nyuma yake mzee mwenye kofia ya vito na ndevu zilizochanwa, anaangalia dari kama mkaguzi wa serikali. Na nyuma ya mzee, msichana wa kama umri wa Hemed, mtandio wa kijani, macho chini.

"Asalaam aleikum. Hemed, mpe mkono Maalim Naeem, jamaa yetu wa South C. Jana nimelala kwake. Na huyu ni bintiye, Sahar." Bi Zainab alitabasamu mpaka masikioni. "Nikakaa nikafikiri: mwanangu ana kazi, ana nyumba, nyumba imejaa vitu. Amebakisha nini?"

Hemed akapangusa kiganja kwenye suruali, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Maalim," ikatoka, nyembamba.

"Marahaba." Maalim Naeem aliangalia kulia. Akaangalia kushoto. Haikumchukua muda, hapakuwa na mengi ya kuangalia. "Bi Zainab, uliniambia nyumba imejaa. Naona sofa. Naona godoro. Naona bibi mmoja ameegemea."

"Habari," alisema Mama Waringa, bila kushusha miguu.

Bi Zainab aligeuka taratibu. "Hemed. Kabati liko wapi? Meza uliyoniambia ya watu sita? Kitanda?"

"Mamangu..."

"Viko wapi vitu, Hemed? Ama ni maneno tu? Kama ni maneno, kunja hilo godoro. Basi la Malindi linaondoka jioni, na mjombako anangojea."

Akisema vipo, anaozwa Sahar. Akisema havipo, anarudi kwa simiti, na ufunguo haujapata joto mfukoni. Na huyo hapo kwenye sofa ameketi shahidi wa kila kitu, masikio wazi, alama ya pasi chini ya mkono.

Hemed akavuta pumzi. Akaamua. Ukweli ulimsaidia mara moja leo, labda...

"Vipo," ilisema sauti.

Haikuwa yake.

Sahar alikuwa ameinua macho. Hakumwangalia Hemed. Alimwangalia babake, wima, sauti haitetemeki hata chembe.

"Vitu vipo, baba. Vimepelekwa kwa fundi kupigwa vanishi. Mimi nilipokuja hapa wiki iliyopita, vilikuwa vimejaa mpaka dirishani."

Kapu la visheti likaanguka.

"Ulipokuja?" Maalim Naeem alishika ukuta. "Hapa? Kwa mwanamume?"

Bi Zainab alitafuta mahali pa kukaa, akaangukia sofa, na Mama Waringa akamsogezea nafasi bila kumwondolea macho msichana. Wallahi Hemed hajawahi kumwona huyu Sahar maishani mwake. Mpaka leo hakujua hata anaishi mtaa gani. Na huyu msichana amejichoma mwenyewe, mbele ya babake mzazi, kwa ajili ya kabati ambalo halijawahi kuzaliwa.

Kwa nini?

Kisha Mama Waringa, ambaye ufunguo wa hii gereji ulilala mfukoni mwake tangu mpangaji wa mwisho ahame hadi alipompa Hemed leo, alishusha miguu. Mguu mmoja. Mguu wa pili. Akavaa slipa.

"Msichana," akasema, kwa upole ambao hata watu wa boda huko nje wangeuogopa. "Hiyo wiki iliyopita ulipokuja kwangu, nani alikufungulia mlango?"